Soma Ukingoni

Je, wajua kwamba askari aliyepelekwa kuwapiga Wanandi mwaka 1905 na yule aliyewasaka Mau Mau katika misitu ya Aberdare nusu karne baadaye walivishwa medali moja? Inaitwa Africa General Service Medal. Ilianzishwa mwaka 1902, mwaka uleule lilipoundwa jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu walilijua kwa jina la keya. Ni duara la fedha la milimita 36, lenye utepe wa manjano, mweusi pembeni, na mistari miwili myembamba ya kijani katikati. Zilitolewa pia za shaba kwa baadhi ya wachukuzi na watumishi wa kambini. Hao walitembea njia ileile na askari, ila madini yao yalikuwa ya bei ndogo.

Upande wa mbele ulibeba sura ya mtawala wa wakati: Edward wa Saba, George wa Tano, hatimaye Elizabeth wa Pili. Upande wa nyuma haukuguswa. Britannia, mwanamke anayeiwakilisha Uingereza, amesimama na mkuki wake wa meno matatu, analinyooshea jua linalochomoza tawi la mtende, simba yuko kando yake, na chini pameandikwa AFRICA. Kilichotofautisha vita na vita ni vibao vyembamba vya fedha vinavyopachikwa juu ya utepe. Viko vingi: SOMALILAND 1902-04, JIDBALLI, NANDI 1905-06, SOMALILAND 1920. Hicho cha 1920 walikipata keya na pia askari wa anga wa Uingereza waliodondosha mabomu kwenye ngome za Sayyid Mohamed Abdille Hassan, kiongozi wa Wasomali waliowapinga Waingereza. Baada yake kimya cha miaka zaidi ya 30, kisha kikaja kibao cha mwisho: KENYA.

Kibao husema vita kwa ulimi wa aliyeshinda. NANDI 1905-06 hakikwambii kwamba Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa Oktoba 19, 1905, alipokuja kwenye mkutano ulioitwa wa amani, na kwamba aliyeongoza mauaji yale ni ofisa wa keya, Richard Meinertzhagen. Mkusanyaji anayeishia kwenye kibao anakusanya tarehe tu.

Basi igeuze medali ubavu. Ishike kwa ncha za vidole, uilaze kidogo kwenye mwanga mpaka kivuli kiingie ndani ya herufi, halafu uweke kioo cha kukuzia. Ukingoni, kwenye ukanda wa milimita chache tu, pamegongwa namba, cheo, jina na kikosi. Mzunguko mmoja, mtu mmoja. Hapo ndipo thamani yote ilipo, na wakora wanalijua hilo: hufuta jina la mtu wa kawaida na kugonga la mtu mwenye sifa. Lakini chuma hakisahau. Medali iliyosuguliwa ukingoni huwa ndogo kidogo kuliko inavyopaswa, na kipimo cha mzingo huifichua. Asiyeridhika huenda kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Uingereza, Kew, London, ambako orodha za waliotunukiwa katika vita vya zamani zimo kwenye mfululizo wa WO 100.

Kwa ofisa Mzungu, jina la ukingoni ni mlango tu. Nyuma yake kuna barua, shajara, picha, pengine kitabu kizima. Kwa askari wa Kiyao au Kikamba, mara nyingi mlango ndio nyumba yenyewe. Karani aliandika alichosikia, au alichodhani amesikia. Jina la baba laweza kuachwa, kijiji hakitajwi kabisa. Ndiyo maana inaniuma kuona kwenye katalogi za mnada medali ya ofisa ikisimuliwa kurasa mbili na ya askari wake, aliyekuwa naye bega kwa bega, ikipewa mstari mmoja.

Sasa fikiria jambo hili. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka Bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944, katikati ya mvua na tope na malaria, ikafika mto Chindwin. Waliostahili walipewa Burma Star, nyota ya shaba yenye ncha sita. Nyota hiyo Uingereza iliitoa bila jina la mtu. Miaka minane baadaye hali ya hatari ikatangazwa Kenya, na keya wa Kenya, Uganda na Tanganyika wakatumwa misituni. Waliotimiza masharti kati ya Oktoba 21, 1952 na Novemba 17, 1956 walipewa medali ya fedha yenye jina. Aliyepigana na Wajapani hajulikani kwa medali yake. Aliyepigana na Waafrika wenzake ameandikwa.

Waruhiu Itote alikuwa upande wa pili wa mambo hayo. Alikuwa koplo wa keya huko Burma, kisha akaingia msituni na kuwa Jenerali China wa Mau Mau, hadi alipokamatwa Januari 1954. Waliomsaka yeye na wenzake ndio waliovishwa kibao cha KENYA. Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati ule. Simhesabu kuwa mkamilifu mkusanyaji ambaye ana kibao hicho kabatini na habari hizo hanazo.

Medali nyingi za askari wetu zimekwisha kupotea. Nyingine ziliuzwa kwa shida ya ada au chakula. Januari 1980 bei ya fedha ilipokaribia dola 50 kwa aunsi, medali nyingi sana za fedha za Vita vya Kwanza ziliyeyushwa duniani kwa ajili ya madini tu, na majina yakaenda nazo.

Kama iko moja kwenye sanduku la bibi, usiisugue kwa majivu wala dawa ya kung'arisha, maana herufi hulika. Piga picha ukingo wote, nakili namba kama ilivyo hata jina likionekana limekosewa, wala usiitenganishe na utepe wake au na nyota zilizokuwa pamoja nayo. Kisha muulize bibi: aliyevishwa medali hiyo alikuwa nani, alirudi mwaka gani, na alikuwa akisema nini kuhusu huko. Ile nyota ya Burma isiyo na jina ndiyo ya kuuliza kwanza.