Kisu Peke Yake Hakimponyi Mgonjwa

Mambo yanayomlinda mtu aliyepasuliwa katika Garissa na nchi ya Kaskazini Mashariki

Katika nchi kavu iliyo mashariki ya mto Tana, toka Garissa hata Wajir na Mandera, wako watu wengi ambao hata leo wanakiogopa chumba cha upasuaji kuliko ugonjwa wenyewe. Hofu hiyo haikuzuka bure. Mtu amemwona jirani yake akiingia hospitali, akapasuliwa, akaamka salama, kisha baada ya siku chache homa ikampanda, kidonda kikatoa usaha, naye akafa. Watu husema kisu ndicho kilichomwua. Walakini mara nyingi si kisu, bali ni mambo madogo yaliyoachwa kabla ya kisu na baada yake. Mambo hayo yanajulikana, na njia ya kuyazuia inajulikana pia. Yafaa kila mwenye nyumba ayafahamu, maana hakuna ajuaye ni lini zamu ya kupasuliwa itafika nyumbani kwake.

HOSPITALI MOJA, NCHI KUBWA

Hospitali kubwa ya Garissa zamani ilikuwa hospitali ya Jimbo zima la Kaskazini Mashariki. Baada ya serikali za kaunti kuanza mwaka 2013 ikawa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa. Huwapokea wafugaji, watu wa mjini, wakulima wa Madogo na wa kandokando ya Tana, na pia wakimbizi wa Dadaab, ambako kambi zilifunguliwa mwaka 1991. Kutoka Garissa mpaka Nairobi ni karibu kilomita 370, na njia ya mgonjwa wa Mandera huzidi mara mbili ya hiyo. Mwezi wa Aprili mwaka 2024 mto Tana ulifurika, barabara kati ya Madogo na mji wa Garissa ikakatika, na watu wakavuka kwa mashua. Siku kama hizo hospitali haiwezi kusema kwamba mgonjwa mzito apelekwe mbele kwa gari. Ikiwa atapona, ni lazima aponee pale pale.

Tarehe 2 Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa kiliposhambuliwa, watu 148 waliuawa. Majeruhi walipokelewa kwanza katika hospitali hiyo, na waliozidiwa wakachukuliwa kwa ndege hadi Nairobi. Siku hiyo kila mtu aliona kwamba chumba kizuri cha upasuaji mahali kama hapo si anasa. Lakini ubora wa kazi hiyo haupimwi siku ya msiba mkubwa tu. Hupimwa zaidi siku za kawaida, anapoletwa mama ambaye mtoto wake amekwama, au mtoto mwenye utumbo uliojipinda, au mzee mwenye ngiri, au mchungaji aliyevunjika mguu porini.

HESABU ILIYOWASHANGAZA MADAKTARI

Mwaka 2016 madaktari wa nchi 25 za Afrika waliungana kuandika habari za watu wazima waliopasuliwa kwa muda wa juma moja katika hospitali 247. Wagonjwa walikuwa 11,422. Hesabu ilipotangazwa mwaka 2018 ilionekana kwamba karibu mtu mmoja katika kila watano alipatwa na madhara baada ya upasuaji, na mengi ya madhara hayo yalikuwa ya vidonda na viungo kuingiwa na vijidudu. Watu wawili hivi katika kila 100 walikufa. Hiyo ni mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wa Afrika walikuwa vijana zaidi.

Jambo kubwa kuliko yote lilikuwa hili: katika kila vifo 10, zaidi ya 9 vilitokea baada ya siku ya upasuaji kupita. Maana yake ni kwamba wagonjwa hawa hawakufia mezani mbele ya daktari. Walifia wodini, siku ya pili, ya tatu au ya saba, wakati watu wote walipodhani kwamba hatari imekwisha.

MAARIFA YALIYOANZA KWA KUNAWA

Ulaya nayo ilipita katika shida hiyo hiyo. Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis wa hospitali ya Vienna aliwaamuru wenzake waoshe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa akina mama waliojifungua, na vifo vikapungua sana. Karibu miaka 20 baadaye, huko Glasgow, daktari Joseph Lister alianza kusafisha vidonda, mikono na vyombo kwa dawa ya kaboliki. Kabla ya kufanya hivyo, katika watu 35 aliowakata mkono au mguu walikufa 16. Baada ya kuanza, katika watu 40 walikufa 6 tu. Kisu kilikuwa kile kile na mpasuaji alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni usafi.

Watu wa Garissa hawahitaji kufundishwa sana juu ya jambo hili. Ajuaye kwamba sala haisihi bila udhu ataelewa upesi kwa nini daktari husimama kwenye bomba akisugua kucha, viganja na mikono mpaka kwenye viwiko, tena kwa utaratibu ule ule kila mara. Wala haidhuru kama amenawa kwa mgonjwa aliyetangulia. Kwa mgonjwa mpya ni lazima aanze upya.

ORODHA ISOMWAYO KWA SAUTI

Mwaka 2008 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa karatasi moja yenye mambo 19 ya kuhakikishwa katika kila upasuaji. Kazi husimamishwa mara tatu. Kabla ya dawa ya usingizi huulizwa: Huyu ni nani? Atapasuliwa nini, na upande gani? Kuna dawa inayomdhuru? Kabla ya kukata, kila mtu chumbani hutaja jina lake na kazi yake, na huulizwa kama mgonjwa amekwisha kupewa dawa ya kuzuia vijidudu. Kabla ya mgonjwa kutolewa, vyombo, sindano na vitambaa huhesabiwa ili kisisahauliwe kitu tumboni.

Mtu aweza kucheka akisema kwamba hayo ni mambo ya watoto wa shule. Lakini karatasi hiyo ilijaribiwa katika hospitali 8 za dunia, pamoja na London, Toronto na Seattle, na mojawapo ilikuwa ya Ifakara, Tanzania. Matokeo yalitangazwa mwezi wa Januari 2009. Vifo vilishuka kutoka 15 katika kila wagonjwa 1,000 hata 8, na wagonjwa waliopatwa na madhara walishuka kutoka 11 katika kila 100 hata 7. Hakukununuliwa mashine kubwa. Watu walikumbushana tu, na mdogo akapata ruhusa ya kumwuliza mkubwa. Huenda faida hiyo ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote, kwani muuguzi aonaye kosa na kunyamaza kwa kumheshimu daktari hajamheshimu mgonjwa.

DAWA ITANGULIE KISU

Iko desturi ya zamani katika hospitali nyingi ya kumpasua mgonjwa kwanza, kisha kumchoma sindano za kuua vijidudu siku tano au saba. Wagonjwa wengi huipenda, wakidhani kwamba sindano nyingi ndiyo matibabu mazuri. Lakini vijidudu huingia wakati ngozi inapofunguliwa, kwa hiyo dawa inatakiwa iwe imekwisha kuenea katika damu kabla ya wakati huo. Katika maagizo yake ya mwaka 2016 Shirika la Afya Ulimwenguni lilisema dawa itolewe katika muda wa saa mbili kabla ya kukata, wala isiendelezwe baada ya upasuaji kwa ajili ya kuzuia tu.

Hospitali ya Thika hapa Kenya ilikuwa imeonyesha njia mapema. Huko waliandika sheria yao, wakawafundisha wafanyakazi, na baada ya muda mfupi karibu kila mgonjwa akawa anapata dawa kabla ya kisu. Sindano za baadaye zilipungua, na wauguzi wakapata nafasi ya kufanya kazi nyingine. Tena madaktari wa Thika waliwafuata wagonjwa waliokwenda nyumbani kwa kuwapigia simu na kuwauliza hali ya vidonda vyao. Jambo hilo lafaa sana kwa nchi ya wafugaji, maana kidonda huweza kuharibika wakati mgonjwa yuko malishoni, mbali na daktari, lakini simu iko mfukoni mwa ndugu yake.

Hospitali 5 za Kenya, Uganda, Zambia na Zimbabwe zilifanya mambo kadhaa pamoja: kumwogesha mgonjwa, kunawa mikono vizuri, kusafisha ngozi kwa dawa, kutoa dawa kwa wakati, na kupunguza kuingia na kutoka chumbani. Katika habari zilizotangazwa mwaka 2018, vidonda vilivyooza vilipungua kutoka 8 katika kila 100 hata karibu 4.

MACHO YA USIKU

Hata hivyo karatasi na dawa hazitoshi. Mgonjwa akirudi wodini lazima awepo mtu wa kumpima pumzi, mapigo ya moyo, joto na mkojo, na wa kutazama kama damu inavuja. Kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni huonyesha kama hewa ya oksijeni inapungua mwilini kabla mgonjwa hajabadilika rangi.

Lakini kifaa hakiamki usiku chenyewe. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilikodi vyombo vya hospitali, pamoja na vya vyumba vya upasuaji, kwa ajili ya hospitali mbili katika kila kaunti. Miaka mitano baadaye kamati ya Baraza la Seneti iliona kwamba mahali pengine vyombo vilikaa bure kwa kukosa wataalamu, umeme au maji. Vile vile jaribio kubwa la hospitali zaidi ya 300 za Afrika, lililotangazwa mwaka 2021, liliwataka wauguzi wawatazame zaidi wagonjwa walio katika hatari, na vifo havikupungua. Muuguzi mmoja mwenye wodi iliyojaa hawezi kuongezewa macho kwa amri. Anayetaka vifo vipungue Garissa hana budi kuajiri wauguzi na watoa dawa ya usingizi, na kuwapa sababu ya kukaa. Vijana wa huko wanaosomea uuguzi katika chuo cha mafunzo ya udaktari kilicho Garissa ndio tumaini kubwa, maana hiyo ni nchi yao nao wanaijua lugha ya mgonjwa.

FUNGU LA MGONJWA NA JAMAA ZAKE

Kazi haiko kwa hospitali peke yake. Mgonjwa na watu wake wana fungu lao.

Kwanza, waje mapema. Mama aliyeshikwa na uchungu siku mbili hufika amechoka, amepungukiwa na maji, na pengine vijidudu vimekwisha kuingia. Mashauri ya wazee ni mema, lakini yafanywe miezi ya kabla, si wakati mtoto amekwama. Mwanamke mzima mwenye akili timamu aweza kutoa idhini yake mwenyewe. Na yule aliyekeketwa na kushonwa amweleze mkunga tangu kliniki ya kwanza. Uchunguzi wa nchi 6 za Afrika, Kenya ikiwamo, uliotangazwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba wanawake kama hao huhitaji zaidi upasuaji wa uzazi, na hutokwa na damu nyingi zaidi.

Pili, waseme kweli. Mtoa dawa ya usingizi akiuliza mgonjwa amekula nini, haulizi kwa udadisi. Chakula kilichomo tumboni chaweza kupanda na kuingia katika mapafu. Chai ya maziwa, hata ya ngamia, huhesabiwa kuwa chakula, nayo hutaka saa 6 kabla ya dawa ya usingizi. Mwenye kutafuna miraa, mwenye kisukari na anayetumia dawa za kienyeji waseme pia.

Tatu, mgonjwa aoge kwa sabuni, wala asijinyoe kwa wembe nyumbani mahali patakapokatwa. Wembe huacha michubuko midogo, nayo ni mlango wa vijidudu.

Nne, jamaa wajitolee damu kabla haijahitajiwa, na wodini waingie wachache wenye mikono safi.

Tano, kidonda kisitiwe samli, majivu wala unga wa majani. Homa, usaha, harufu mbaya, uvimbe, maumivu yanayozidi, au mguu mmoja kuvimba, zote ni dalili za kurudi hospitali siku ile ile. Hatari ya kidonda haiishi siku ya kutolewa nyuzi. Huweza kudumu siku 30.

FAIDA YAKE

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nchi ya Kaskazini Mashariki ufa huu una pande mbili. Kila mgonjwa anayekufa kwa kidonda kilichooza huwatia hofu watu wa ukoo mzima, nao hukawia kuja. Na kwa kuwa wamekawia, wengine wao hufa. Lakini kila anayerudi kijijini mzima huwa shahidi. Wanaomwona huja mapema, na anayekuja mapema hupona kwa urahisi. Basi muuguzi wa Garissa anaponawa mikono yake usiku wa manane, wakati hakuna amwonaye, hamwokoi mgonjwa wa kitanda kile tu. Anamfungulia njia na yule ambaye bado yuko malishoni, ambaye siku moja atalazimika kuchagua kama aende hospitali au abaki.