Kabla Hujang'oa Valvu

Marantz 7 ni priamplifaya iliyotoka New York mwishoni mwa miaka ya 1950, na hadi leo wapenzi wa santuri huiwinda kwa hamu. Huipokea sauti changa inayotoka kwenye sindano ya santuri, mara nyingi milivolti 5 hivi, na kuikuza kabla ya kuipeleka kwenye amplifaya kubwa na spika. Ndani yake zimesimama valvu sita za aina moja, ECC83, ambazo Wamarekani huziita 12AX7. Siku mashine hiyo ikianza kukwaruza, au ikitoa mlio wa mafuta yanayokaanga dagaa, mwenye mali hutamani kung'oa zote sita aweke mpya. Mara nyingi hizo ni fedha zilizotupwa. Kujua kwa nini, inabidi turudi kwenye taa iliyoingia weusi.

Mwaka 1883, Thomas Edison alikuwa akisumbuliwa na taa zake za umeme: vioo vilikuwa vikiingia weusi kwa ndani. Katika kuchunguza, kiliwekwa kipande cha metali ndani ya taa, mbali kidogo na waya unaowaka. Ajabu ni kwamba umeme ulivuka ule utupu, ila pale tu kipande kilipounganishwa upande wa chanya. Edison alilipatia hataza jambo hilo mwaka 1884, kisha akaendelea na shughuli zake. Angelielezaje? Elektroni yenyewe haikuwa imegunduliwa, J. J. Thomson aliitambua mwaka 1897.

John Ambrose Fleming, Mwingereza aliyewahi kuishauri kampuni ya Edison mjini London, ndiye aliyekumbuka taa ile mwaka 1904 alipokuwa akitafuta njia ya kunasa mawimbi ya redio. Kwa kuwa umeme ulipita upande mmoja tu, kifaa chake akakiita valvu, kama ile ya bomba la maji. Miaka miwili baadaye Lee de Forest wa Marekani akaongeza katikati waya mdogo, gridi, na hapo ndipo muziki ulipopata njia. Fikiria koki: kidole kinaizungusha kwa nguvu ndogo, na maji mengi yanatii. Sauti hafifu ya santuri ikifika kwenye gridi, mkondo mkubwa wa elektroni unaipokea sura yake.

Elektroni hizo hutoka kwenye kathodi, kimrija cha metali kilichopakwa oksidi za bariamu na strontiamu, kikipashwa moto hadi kuwa chekundu kama kaa. Ndiyo maana wazee waliokuwa na redio za valvu walilazimika kusubiri kidogo kabla ya mtangazaji kusikika. Na ndiyo maana valvu huzeeka: ule mpako unaoipa uhai huishiwa nguvu kwa kutumika. Lakini huishiwa polepole. Valvu ikidumu saa 5,000, nawe ukisikiliza saa mbili kila jioni, umepata karibu miaka saba.

Tena si kila mvumo ni ugonjwa. Elektroni haziruki kwa mpangilio. Kila moja hutoka kwa wakati wake, kama matone ya mvua juu ya bati, na matone mengi hufanya mvumo. Mjerumani Walter Schottky alilieleza hilo mwaka 1918. Hata valvu mpya kabisa ina mvua yake. Iliyo muhimu kuliko zote ni ile inayoipokea sindano kwanza, kwa sababu kelele yake itakuzwa na kila hatua inayofuata. Ukiwa na valvu moja tulivu kuliko wenzake, mahali pake ni hapo.

Sasa kazi yenyewe. Zima mashine, chomoa waya ukutani, na usiguse kitu ndani ila valvu zenyewe: kapasita huweza kuhifadhi mamia ya volti hata baada ya kuzima. Kama huna uzoefu, mwite fundi. Valvu zikishapoa, tazama doa la fedha lililo ndani ya kioo. Likigeuka jeupe kama chokaa, hewa imeingia na valvu imekufa, hakuna mjadala. Ung'oaji ni wa taratibu, ukiichezesha kidogo huku ukiivuta wima, kwani pini zake tisa hupinda kirahisi. Angalia pia jina: ECC82 huingia vizuri katika tundu la ECC83, lakini nguvu yake ya kukuza ni kama moja ya tano. Kuingia si kufaa.

Mara nyingi mkwaruzo hutokana na matundu yenye kutu, au kapasita zilizochoka kwa miaka zaidi ya 60, na hapo valvu mpya haitasaidia kitu. Basi nunua valvu moja tu iliyopimwa, uihamishe tundu hadi tundu, ukizima na kusubiri kila mara. Kelele ikinyamaza, uliyoitoa ndiyo mbovu. Ukizunguka matundu yote sita na kelele ikabaki vilevile, rudisha za zamani zote mahali pake na umpelekee fundi mashine.