Viwavijeshi: Jina Moja, Wadudu Wawili

Mkulima wa Katito akikuta majani ya mahindi yametobolewa, siku hizi hutoa simu na kuandika neno "viwavijeshi" mtandaoni. Majibu huja kwa wingi, lakini si yote yanayomhusu mdudu aliye shambani mwake. Jina hilo hutumiwa kwa wadudu wawili, na ushauri wa mmoja huenda usimfae mwingine.

Wa kwanza ni kiwavijeshi wa Afrika, ambaye kitaalamu huitwa Spodoptera exempta. Huyu amejulikana nchini kwa miaka mingi. Hutambaa kwa makundi makubwa na kumaliza nyasi za malisho na nafaka changa. Wa pili ni Spodoptera frugiperda, mwenye asili ya Amerika, aliyeripotiwa Afrika Magharibi mwaka 2016 na kuthibitishwa Kenya mwaka 2017. Huyu hujificha ndani ya moyo wa mhindi, na baadaye huingia kwenye hindi lenyewe.

Ushauri kuhusu yule wa kwanza unaweza kumwelekeza mkulima achimbe mtaro kuzunguka shamba ili kuzuia kundi linalotambaa. Mtaro huo hauwezi kumzuia wa pili, kwa kuwa nondo wake huruka na kutaga mayai kwenye mhindi. Siku zinazopotea ni hasara, kwani kiwavi akishakua ndani ya moyo wa mmea, dawa haimfikii kwa urahisi.

Kabla ya kutafuta mtandaoni, wakulima wanashauriwa kumtazama mdudu kwanza. Frugiperda ana alama hafifu ya herufi Y iliyopinduliwa usoni, na madoa manne meusi yaliyopangwa kama mraba karibu na mwisho wa mwili. Kinyesi chake ndani ya moyo wa mhindi hufanana na unga wa mbao.

Baada ya hapo, hatua hizi husaidia:

• Andika jina la kitaalamu ndani ya alama za kunukuu. Kutumia jina la Kiingereza pekee hakuondoi utata, kwani nalo hutumiwa kwa wadudu zaidi ya mmoja.
• Ongeza maneno "mahindi" na "Kenya".
• Linganisha picha na mdudu uliyemwona.
• Angalia mwaka na chanzo. Maelezo ya Kenya yaliyoandikwa kabla ya 2017 kwa kawaida humhusu kiwavi wa zamani. Taasisi kama KALRO, icipe na FAO zina maelezo kuhusu wadudu hawa.

Mkulima ambaye bado ana shaka anahimizwa kupiga picha ya kiwavi na ya mmea ulioharibiwa, kisha amwonyeshe afisa wa kilimo wa wadi kabla ya kununua dawa. Dawa yoyote iwe imesajiliwa na bodi ya PCPB, na maagizo ya kwenye kibandiko yafuatwe.