Tarishi Asiyesoma Barua: Maktaba Nyepesi ya Programu na Data ya Kiswahili

Katika kipindi hiki ambapo teknolojia ya habari na mawasiliano imepenya takribani kila uwanja wa taaluma, mwanafunzi wa Kiswahili hujikuta akihitaji data ambayo haimo katika rafu za chuo chake. Mfano ni mkusanyiko uitwao MasakhaNER, uliotolewa mwaka wa 2021 na Masakhane, jumuiya ya watafiti wanaoshughulikia lugha za Afrika katika tarakilishi. Mkusanyiko huo una matini ya habari katika lugha kumi, Kiswahili na Dholuo zikiwemo, ambamo majina ya watu, mahali na mashirika, pamoja na tarehe, yametiwa alama neno kwa neno. Umehifadhiwa GitHub, huduma ya kuhifadhi programu iliyoanza mwaka wa 2008 na kununuliwa na kampuni ya Microsoft mwaka wa 2018. Makala haya yanaeleza jinsi mtafiti aliye Machakos anavyoweza kuifikia hifadhi hiyo kwa maktaba nyepesi ya programu.

Binadamu huitembelea GitHub kwa kivinjari, akaona kurasa na picha. Programu haihitaji mapambo hayo. Huingia kwa mlango wa pembeni uitwao kiolesura cha programu, au API kwa kifupi. Katika mlango huo kila kitu kina anwani yake: hifadhi, faili, hata hoja zilizoulizwa na watumiaji. Programu hutaja anwani na kitenzi (leta, tuma, rekebisha, futa), nayo seva hujibu kwa matini yaliyopangwa ili mashine iyachambue kwa urahisi. Kazi inayozunguka ombi moja ni nyingi: kufungua mawasiliano, kujitambulisha, kufasiri jibu, kushughulikia makosa. Ndiyo maana mtu huiandika mara moja, akaifunga pamoja, na wengine wakaichukua. Furushi hilo ndilo liitwalo maktaba ya mteja.

Istilahi hiyo yastahili kutuliwa kidogo. Maktaba ya kawaida huazimisha kitabu na kukidai. Maktaba ya programu hutoa nakala isiyorudishwa. Nalo neno mteja, nchini Kenya, lina mashaka yake. Tangu kampuni za simu zilipolitumia kumtangazia mpigaji kwamba mwenye nambari hapatikani, vijana husema fulani “ni mteja” wakimaanisha kwamba simu yake imezimwa. Mwalimu atakayesema darasani kwamba mteja amewasiliana na seva ajiandae kwa kicheko.

Maktaba za namna hii si sawa. PyGithub, iliyoandikwa kwa lugha ya Python, ina umbo maalumu kwa karibu kila kitu kilichomo katika huduma: umbo la hifadhi, la mtumiaji, la hoja. Ni msaada mkubwa kwa mwenye mradi mpana. Hata hivyo, huduma ikiongeza jambo jipya, mtumiaji hungoja watunzaji wa maktaba walipe umbo lake. Agithub, ya Python vilevile, imefuata njia nyingine: haijui chochote kuhusu GitHub. Mtumiaji hupanga maneno ya anwani, akiyaunga kwa nukta, na kumalizia kwa kitenzi. Maktaba huyageuza kuwa ombi na kulipeleka lilivyo, kisha hurudisha vitu viwili tu, nambari ya hali na jibu lenyewe. Ni tarishi asiyesoma barua aliyoibeba. Kwa macho ya mwanaisimu, ni sentensi inayotanguliza nomino zote na kuweka kitenzi mwishoni.

Wepesi huu una gharama. Mtu akikosea herufi moja ya jina la hifadhi, tarishi hamwonyi. Ataipeleka barua na kurudi na nambari 404, yaani hakikupatikana. Lakini kwa mwanafunzi asiye mwanaprogramu, faida inazidi. Anasoma mwongozo mmoja tu, ule wa huduma yenyewe, badala ya kujifunza pia msamiati wa maktaba. Anayekwenda sokoni Machakos kununua maembe mawili hakodi lori.

Kuna jambo ambalo hakuna maktaba inayoweza kulikwepa, nalo huwasumbua sana wanaofanya kazi vyuoni. Asiyejitambulisha huruhusiwa maombi 60 kwa saa, na hesabu hufanywa kwa anwani ya intaneti, si kwa mtu. Ikiwa tarakilishi zote za chumba cha mafunzo hutoka kwa anwani moja, wanafunzi thelathini hugawana maombi hayo 60, na kila mmoja amemaliza fungu lake kwa maombi mawili. Aliyejitambulisha kwa tokeni, yaani neno la siri alilopewa na huduma, hupata 5,000 kwa saa. Tokeni hiyo isiandikwe kamwe ndani ya faili litakalowekwa hadharani. Aidha, orodha huja vipande vipande, vitu 30 kwa ukurasa na visivyozidi 100 hata ukiomba zaidi. Mtafiti anayesahau kuomba ukurasa wa pili huchambua sehemu ya data akidhani ameimaliza.

Mlango huo huo hutumika kupeleka. Katika data ya aina hii, “Machakos” likiwa peke yake hutiwa alama ya mahali, ilhali “Chuo Kikuu cha Machakos” lote ni jina la shirika, na mahali humezwa ndani yake. Mipaka kama hiyo huamuliwa vyema na anayejua sarufi ya kirai nomino cha Kiswahili kuliko na mwanaprogramu. Msomi anayeona alama isiyofaa anaweza kufungua hoja kwa amri moja ya kutuma, naye tarishi wetu ataipeleka bila kuuliza. Kikamba, lugha ya wenyeji wa Machakos, hakimo katika orodha ya mwaka wa 2021, wala katika ile ya lugha ishirini iliyofuata mwaka wa 2022. Kuanzisha hifadhi mpya ya matini yake kwa maktaba hiyo hiyo ni amri moja tu. Kuyatia alama matini hayo, neno kwa neno, ndiko kutakakochukua miezi.