Kabla ya chumba cha juu, nyumba ivae blanketi

Kwetu Kadutu, mjini Bukavu, parseli haikui. Mbele kuna kijia, nyuma kuna ukuta wa jirani, na chini yetu mteremko ambao kila msimu wa mvua unatutia hofu. Wanaokua ni watoto. Binti zetu watatu walikuwa wakilala sebuleni, na kila jioni walingoja wageni waondoke ndipo watandike godoro. Mkubwa alikuwa anajitayarisha kwa mtihani wa serikali. Alisoma kwa tochi ya simu, huku mdogo wake akilalamika kwamba mwanga unamnyima usingizi. Mimi na baba watoto tukaona nafasi imebaki moja tu: juu, chini ya mabati.

Leo chumba hicho kipo. Nataka kuwaeleza tulivyokipata, pamoja na kosa langu ambalo lingetuondolea mtoto, kwa sababu najua mama wengi katika makundi yetu wana mpango kama wetu.

Somo la chungu cha maharagi

Fundi alifika saa saba mchana. Hakuomba ngazi. Alikaa sebuleni, akafuta jasho, akauliza: "Mama, mchana mnaungua hivi. Usiku mnafanyaje?" Nikamwambia ukweli: usiku tunatetemeka, zaidi sana mwezi wa sita na wa saba. Mji wetu uko karibu mita 1500 juu ya usawa wa bahari. Jua likizama, baridi haichelewi.

Akasema nyumba yetu haina blanketi, na chumba cha juu kitakuwa kibaya kuliko vyote tukikijenga bila kulifikiria hilo. Bati ni chuma chembamba. Mchana linapitisha moto wa jua mpaka kichwani, usiku linatoa nje joto lote la nyumba. Na kwa kuwa hewa ya moto hupanda, paa ndilo mlango mkubwa wa kupoteza joto.

Mama anayepika maharagi analielewa jambo hili haraka. Chemsha maharagi yaliyolala ndani ya maji, yaache yatokote vizuri kwa muda, kisha ondoa chungu motoni na mfuniko wake, ukiweke ndani ya kikapu chenye majani makavu ya migomba, ukifunge kwa blanketi nzito. Yataendelea kuiva bila kipande cha makala. Kikapu hakina moto. Kazi yake ni kuzuia joto lililomo lisitoke. Nyumba nayo inataka hivyo.

Tulichofanya kwenye paa

Kwanza tulibadilisha mabati mawili yaliyotoboka na misumari iliyolegea. Maji yakiingia, mbao zinaoza, na kila unachoweka chini ya bati kinaharibika.

Pili, tulipiga plafo ya triplex kufuata mwinamo wa paa, tukaacha nafasi ya upana wa kiganja kati yake na bati. Nafasi hiyo haikuzibwa. Kule chini kwenye ukingo na kule juu kwenye kilele fundi aliacha matundu yenye waya wa kuzuia panya, ili mchana hewa ya moto itoke kabla haijatufikia. Mvua yenyewe sasa inasikika kwa mbali.

Mimi nilitaka tujaze ile povu nyeupe inayofungiwa televisheni, kwa sababu haina bei. Fundi alikataa. Ikishika moto inatoa moshi wa sumu. Majani makavu pia alikataa. Umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu unaweza kuunguza nyaya, na katika mitaa yetu ya nyumba zilizobanana moto wa nyumba moja hauishii hapo.

Tatu, tuliziba nyufa za milango na madirisha ambamo upepo ulipita usiku. Hilo lilikuwa zuri, lakini ndilo lililoleta kosa nitakalolieleza.

Ukuta utabeba?

Hapa naomba mama yeyote asikimbie. Wengi wetu tunakumbuka tarehe 3 Februari 2008, siku ya Mungu, tetemeko lilipoipiga Bukavu na jirani zetu wa ng'ambo ya Ruzizi. Nyumba iliyoongezewa uzito juu bila msingi wa kuubeba inawaangukia walio chini.

Fundi alikagua pembe zote akakuta ufa mmoja. Aliweka alama ya kalamu kwenye kila ncha ya ufa, akaandika tarehe, akatuambia tungoje mvua za miezi miwili. Ufa ukivuka alama, nyumba inatembea na chumba cha juu kisahauliwe. Wetu haukuvuka. Tukautengeneza kwa sima, kisha ndipo kazi ikaanza: nguzo za mti zenye msingi wake zenyewe, ili sakafu isibebwe na ukuta peke yake, sakafu ya mbao, si ya zege, ngazi yenye mahali pa kushika, na dirisha kubwa ukutani chini ya kilele. Dirisha hilo linaleta mwanga wa kusomea, na siku ya moto ni mlango wa pili. Chumba cha juu chenye njia moja tu ya kutokea ni mtego.

Kosa langu

Usiku mmoja wa mwezi wa saba baridi ilikaza. Nilifanya nilichofanya miaka yote: nikaingiza mbabula yenye makala mekundu ndani, nikaiweka karibu na ngazi, nikafunga mlango.

Usiku wa manane yule mdogo akaanza kutapika. Mkubwa alishuka akishika ukuta, kichwa kinamuuma, miguu haina nguvu. Tuliwatoa nje. Majirani walipokusanyika, wengine walianza kunong'ona juu ya karuho. Kwenye kituo cha afya, muuguzi aliuliza swali moja tu: "Mama, mlilala na makala ndani?"

Makala yakiungua ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu, na makala yasiyo na moshi yanaitoa vilevile. Zamani upepo wa nyufa zetu ulituokoa bila sisi kujua. Nilipoziba nyufa, niliifungia sumu pamoja na joto, nayo ikapanda na hewa ya moto hadi walipolala watoto.

Kumbukeni hili kuliko yote niliyoandika: kadiri nyumba inavyoshika joto, ndivyo moto unavyopaswa kutoka ndani yake. Na hatari haiko usiku tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kutokana na moshi wa kupikia majumbani, na kati yao wamo watoto wengi wadogo. Mtu akiumwa kichwa, akitapika au akilegea ndani ya nyumba yenye makala, mtoeni nje kwanza, kisha mpelekeni kwa muganga.

Kupanga kwa likelemba

Hatukuwa na pesa za kazi yote mara moja. Tulikwenda kwa zamu za likelemba, na nikianza upya ningefuata mpango huu:

1. Jikoni kuhamia nje, penye kipaa na hewa, na mbabula yenye udongo ndani badala ya ile ya bati tupu.
2. Paa lisilovuja, kisha plafo.
3. Ufa kupewa alama na kungojewa.
4. Nguzo, sakafu, ngazi na dirisha.
5. Taa ya LED ya wati 9, inayotoa mwanga karibu sawa na ile ya zamani ya wati 60.

Jikoni iko mbele kwa sababu ndiyo inayosaidia kulipia mengine. Kwetu gunia la makala lililokwisha kwa wiki tatu sasa linakaribia tano, kwa mbabula mpya, mifuniko na kile kikapu cha maharagi. Dirisha la juu lilinunuliwa na makala ambayo hatukuyachoma, na huenda miti kadhaa ya Kahuzi-Biega bado imesimama.

Binti zetu wanalala juu. Mkubwa ameufanya mtihani wake, matokeo tunayangoja. Mwenye mpango kama huu aje na kundi lake, apande ngazi yetu, aguse plafo, aulize. Mbabula ataikuta nje.