Kabla Mgonjwa Hajavaa Shati

Gati ya Mtangawanda, magharibi mwa kisiwa cha Pate, huishi kwa saa za maji. Mgonjwa wa mji wa Siyu au wa Pate aliyetumwa hospitali ya King Fahd mjini Lamu kupigwa picha ya kifua hupandia mashua hapo, na mlango wa bahari wa Mkanda, ulio njiani, hupitika vyema maji yakijaa. Akisharudi kwao, kumwita tena kwa sababu picha ilikuwa mbovu ni kumtoza nauli nyingine na siku nyingine ya kazi.

Ndiyo maana picha hukaguliwa mgonjwa angali chumbani, kabla haijatumwa kwenye hifadhi.

Radiografa huanza kwa kuhesabu mbavu. Zikionekana 6 za mbele juu ya kiwambo, mgonjwa alivuta pumzi ya kutosha. Zikiwa 4 tu, mapafu hayakujaa: sehemu ya chini hutanda weupe na moyo huonekana mkubwa kuliko ulivyo. Hapo mtu aweza kutibiwa nimonia asiyokuwa nayo. Kisha hutazamwa mitulinga. Ncha zake za ndani zikiwa na umbali sawa kutoka katikati ya uti wa mgongo, kifua hakikugeuka upande. Hufuata herufi ya risasi, L au R, inayotenga kushoto na kulia.

Enzi za filamu, mionzi ikizidi picha ilitoka nyeusi na kosa likaonekana. Sasa kompyuta huusawazisha weusi huo. Mionzi yaweza kuzidi maradufu na picha ikapendeza vilevile, huku mwili umepokea dozi usiyoihitaji. Kwa hiyo husomwa pia kipimo cha mionzi ambacho mashine hukiandika pamoja na picha.

Limebaki jina. Kwa kiwango cha picha za kitabibu cha DICOM, kinachojulikana hivyo tangu 1993, kila picha hubeba ndani yake jina la mgonjwa, namba yake na tarehe. Pwani hii Mohamed, Muhammad na Mohammed huweza kuwa mtu mmoja mwenye majalada matatu, au watu watatu waliotiwa kwenye jalada moja. Picha iliyohifadhiwa kwa jina la mwingine haipotei. Huibuka miaka ijayo na kulinganishwa na mapafu yasiyo yake.

Mgonjwa anapofunga vifungo vya shati, radiografa humuuliza tena jina lake, la baba na la babu, akayalinganisha na yaliyo kwenye skrini. Yakilingana, ndipo hubonyeza kutuma.