Kujitegemea au kujiamini? Neno la Emerson mbele ya msomaji wa Kiswahili

0. Utangulizi

Mwanafunzi anayeanza kusoma fasihi ya Marekani ya karne ya 19 hukutana mapema na insha ya Ralph Waldo Emerson iitwayo Self-Reliance, iliyochapishwa mwaka 1841. Akitakiwa kuieleza kwa Kiswahili, neno linalomjia kwanza ni kujitegemea. Kisarufi neno hilo halina kosa. Hata hivyo lina historia yake, na historia hiyo humpeleka msomaji mahali ambapo Emerson hakukusudia kumfikisha. Makala haya yanakusudia kubainisha tofauti hiyo, na kuonyesha jinsi uchaguzi wa neno moja unavyoweza kupotosha usomaji wa kipindi kizima.

1. Neno na mzigo wake

Mnamo Februari 1967, Azimio la Arusha liliweka kujitegemea bega kwa bega na ujamaa. Mwezi uliofuata, Julius Nyerere alitoa andiko lake Elimu ya Kujitegemea, lililotaka kila shule iwe na shamba au karakana na wanafunzi wachangie chakula chao kwa jasho lao. Anayejitegemea hapo ni taifa, kijiji au shule, yaani jamii inayofanya kazi pamoja ili isiishi kwa msaada wa wengine. Katika mazungumzo ya kila siku pia, kijana anayejitegemea ni yule aliyekwisha kuondoka kwa wazazi na kujitafutia riziki. Katika matumizi yote mawili, jambo linalozungumzwa ni maisha na mali.

2. Maana ya Emerson

Emerson alizaliwa Boston mwaka 1803, akawa mchungaji wa Kiunitari, kisha akaacha kazi hiyo mwaka 1832. Mwaka 1836 alitoa kitabu chake Nature, na mwaka huohuo wasomi kadhaa wa Boston na Concord walianza kukutana. Fikra zao ziliitwa utransendentali, kwa jina lililotokana na falsafa ya Mjerumani Kant. Kwa ufupi, walishikilia kwamba yapo maarifa ambayo mtu hayapati kwa milango mitano ya fahamu, bali huyakuta ndani yake mwenyewe.

Kwa hiyo nafsi ambayo Emerson anataka itumainiwe si nafsi ya matamanio. Insha yake nyingine ya mwaka 1841, The Over-Soul, inaeleza kwamba Roho moja hukaa ndani ya watu wote. Kuisikiliza nafsi ni kuisikiliza Roho hiyo, hata pale kanisa, vitabu na umati vinaposema vingine. Hili ni jambo la imani, si la riziki. Msomaji asiyelitambua huanza kuhesabu mali: hugundua kwamba Emerson alipata urithi wa mke wake wa kwanza, na kwamba Henry David Thoreau alijenga kibanda chake cha Walden mwaka 1845 katika ardhi ya Emerson. Mara huwaita wote wawili wanafiki, ilhali amewapima kwa mizani isiyo yao.

3. Shamba la Ripley

Kujitegemea kwa maana ya jamii kulikuwako pia katika kundi hilohilo. Mwaka 1841 George Ripley, naye mchungaji aliyeacha mimbari, alianzisha shamba la Brook Farm huko West Roxbury, karibu na Boston. Wakazi wake walilima, walisoma na kuendesha shule. Nathaniel Hawthorne aliishi humo miezi kadhaa. Emerson alialikwa, akakataa. Shamba lilifungwa mwaka 1847. Msomaji wa Nyerere angelijisikia nyumbani zaidi kwa Ripley kuliko katika insha ya Emerson.

4. Kipimo cha neno

Umuhimu wa tofauti hii huonekana katika suala la utumwa. Mwaka 1846 Thoreau alilala jela usiku mmoja kwa kukataa kulipa kodi ya kichwa kwa serikali iliyoulinda utumwa. Mwaka 1849 alichapisha insha ya kueleza sababu zake. Mwaka 1850 sheria mpya iliwalazimisha raia kusaidia kuwakamata watumwa waliotoroka. Mwaka 1851 Emerson aliishambulia hadharani mjini Concord. Mtu anayejitosheleza kwa riziki hana sababu ya kwenda jela kwa ajili ya mwingine. Anayeiamini dhamiri yake anayo.

Hata hivyo, kuna mwandishi ambaye neno moja halimtoshi. Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka mwaka 1838, alichapisha habari za maisha yake mwaka 1845. Mjini Baltimore alifanya kazi ya kukalafati meli, yaani kuziba nyufa zake, lakini ujira aliukabidhi kwa bwana wake. Alijua kujilisha, bali hakuruhusiwa kuwa na chake. Alipofika New Bedford na kupokea ujira usiodaiwa na mtu, imani yake katika utu wake ilikutana na jasho la mikono yake.

5. Hitimisho

Inafaa basi insha ya Emerson iitwe kwa Kiswahili Kujiamini. Kitenzi amini ni ndugu wa imani na amana, na Kifaransa nacho kimefuata njia hiyo kwa kusema La Confiance en soi. Neno hili nalo lina hatari yake, kwani anayejiamini kupita kiasi huonekana mwenye majivuno. Ndiyo maana insha ya Roho isomwe pamoja nalo. Kujitegemea kubaki kwa Ripley na shamba lake. Naye Douglass asiachwe nje ya orodha ya vitabu vya somo hili, kwa kuwa ndiye anayemwonyesha mwanafunzi kwamba uhuru uliokosa mojawapo ya maneno haya mawili haujakamilika.